Kongamano la waandishi wa riwaya za mapenzi, Mwanza: meza nzuri, foleni mbovu

Siku tatu, ukumbi mmoja mkubwa na vyumba viwili vya pembeni katika hoteli ya upande wa Capri Point, na watu wengi kuliko viti. Aliyekwenda na muswada uliokamilika, ada yake imerudi. Aliyekwenda na wazo tu angefanya vizuri zaidi kubaki nyumbani akamalize sura ya mwisho.

Tuanze mlangoni, maana ndipo watu wengi walipoanza kununa. Waandalizi waliigawa foleni katikati ya alfabeti: A hadi M huku, N hadi Z kule. Hivi mtu anafanyaje hivyo Kanda ya Ziwa? Masanja, Mabula, Magesa, Makoye, Mwita, wote mstari mmoja hadi nje kwenye maegesho, na upande wa pili mhudumu anaperuzi simu. Herufi M ilistahili dirisha lake peke yake. Juu ya hapo, waliolipa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, dada au mdogo wao majina yao hayakuonekana kwenye orodha. Kuna na la tatu, la fani hii hasa: waandishi wengi wa mapenzi hutumia jina la kiuandishi. Ni walimu, ni wake za watu, ni watumishi wa ofisi ambao hawataki bosi ajue nani ameandika ile sura ya 14. Vitambulisho vya shingoni vilichapwa jina la kwenye malipo, kwa herufi kubwa, na mpiga picha anazunguka. Ukienda, andika majina yote mawili kwenye fomu na useme lipi ndilo la kuvaa. Ujumbe wa malipo uupige picha ya skrini mapema, kwa sababu mtandao wa hoteli ulielemewa tangu asubuhi.

Kilicholibeba kongamano ni meza za wachapishaji. Meza tano, mhariri mmoja kila meza, dakika 8 kwa kila mwandishi. Kukaa uso kwa uso na mhariri anayesoma riwaya pendwa bila kukunja pua si jambo la kila siku, na wahariri hawa walikuja wamejiandaa. Ratiba ndiyo iliyowaangusha. Kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana ni dakika 210, wakapanga watu 26 kila meza, yaani dakika 208. Kwenye karatasi inakaa. Lakini mtu anainuka, anakusanya makaratasi, anaomba namba, mwingine anavuta kiti: dakika 2 zimekwenda. Watu 26 kwa dakika 10 ni dakika 260, kwa hiyo meza zilifungwa karibu saa 7:20. Wa mwisho walikuta sato amepoa na warsha ya mikataba inaita watu. Watu 20 kwa meza wangetosha. Orodha ikifunguliwa, jiandikishe kati ya nafasi ya tatu na ya kumi: wa kwanza huangukia mhariri anayetafuta miwani, na baada ya wa kumi na tano anaitikia kwa kichwa tu.

Dakika 8 zitumie hivi. Salamu moja, kama ni mtu mzima, shikamoo inatosha, habari za safari ziache. Kisha hadithi kwa sentensi moja yenye mgogoro ndani yake: mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba anampenda mkaguzi aliyetumwa kufunga eneo lake la biashara. Ukisema “ni hadithi ya mapenzi yenye mafunzo mengi”, umeshampoteza. Wahariri walirudia maswali matatu kila meza: ni maneno mangapi, imeisha, na sehemu gani umeshaiweka mtandaoni? Hilo la tatu liliwakamata wengi. Simulizi iliyorushwa yote kwenye makundi ya WhatsApp hadi sehemu ya 60 tayari inazunguka kama faili la bure, na mchapishaji anajua. Waliotoa sehemu kumi za mwanzo wakabakiza zilizosalia walisikilizwa.

Muhtasari uwe ukurasa mmoja, na mwisho uwemo. Tuliona mihtasari mizuri iliyokatwa kwa “je, atamchagua nani?” Huo ni mtego wa msomaji, mhariri ananunua mwisho. Na katika fani hii mwisho wenyewe ni sharti: wapendanao wawe pamoja, au walau tumaini liwepo. Kama unamuua binti ukurasa wa mwisho, sema mapema kwamba umeandika riwaya ya huzuni.

Warsha ya mikataba ilikuwa bora kuliko zote, na ndiyo iliyopewa chumba kidogo kuliko vyote. Mtoa mada alichukua kitabu cha shilingi 10,000 akakipigia hesabu ubaoni. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya rejareja ni 1,000. Asilimia 10 ya mapato halisi, duka la vitabu likiwa limekata 40 kwa 100, ni 600. Maneno mawili kwenye mkataba, shilingi 400 kila nakala. Akapita kwenye haki zinazouzwa mbalimbali, yaani kitabu cha karatasi, kitabu cha kusomea kwenye simu, sauti, filamu na tafsiri, akaonya dhidi ya kifungu kinachozizoa zote pamoja “kwa muda wote wa hakimiliki”. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, muda huo ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wajukuu zako watausoma mkataba huo. Alieleza pia kwamba haki huanza mara kazi inapoandikwa, na kwamba kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

Warsha za ufundi wa kuandika tusizitilie chumvi. Ile ya mazungumzo ya wahusika ilifaa. Zile nyingine mbili zilikuwa hotuba.

Kwenye meza ya mpiga chapa kulikuwa na elimu ya bure ambayo wengi waliipita wakikimbilia chai. Maneno 50,000 kwa ukubwa wa A5, maneno kama 280 kila ukurasa, ni kurasa 179. Ongeza za mwanzo, kisha, kwa kuwa kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16, panda hadi namba inayogawanyika kwa 16: 192. Kwa karatasi ya gramu 80, mgongo wa kitabu unakaribia milimita 10. Anayetengeneza jalada kabla ya kujua unene huo hukuta jina la kitabu limeteleza kutoka mgongoni hadi usoni. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake.

Ukumbi mkubwa ulikuwa kosa la bei ghali. Sauti ilijirudia ukutani, soketi zilikuwa mbili, zote nyuma ya jukwaa, na umeme ulipokatika jenereta lilichukua muda kuwaka. Beba chaji ya akiba, na ekstensheni kama una laptopu ya zamani. Waandalizi nao wajifunze kwa wenzao: chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanza 1980, kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2024, na sehemu kubwa ya deni ilikuwa mikataba ya hoteli za makongamano yake.

Chakula kilikuwa kizuri. Chai ya saa 4 ilikuja na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga badala ya zile keki kavu, na sato alikuwa wa leo, kwa aliyemwahi.

Wa Geita na Sengerema waliweza kuja asubuhi na kurudi jioni, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Wa mbali zaidi msikate tiketi ya usiku wa siku ya tatu. Ratiba ilisema mwisho saa 10, lakini mgeni rasmi ndiye aliyekuwa anafunga, na mgeni rasmi alifika saa 11. Wauza vitabu walishafunga maboksi, na waliobaki na noti za elfu kumi hawakupata wa kuwapa chenji.