Milima ya Uluguru (Morogoro) kwa siku moja kutoka Dar, bila gari: Coaster, kifurushi cha Mikumi au tiketi yako ya SGR?

Safari ya Dar–Morogoro–Dar ya siku moja nimeifanya kwa njia tatu: Coaster (basi dogo) la kundi linalokusanywa mtandaoni, kifurushi cha treni na gari la wazi kwenda hifadhi ya Mikumi, na tiketi yangu ya SGR (treni ya umeme) nikipokelewa na mwongozaji wa pale pale Morogoro. Ya tatu ndiyo ninayoirudia. Ya pili naikubali kwa masharti. Ya kwanza siirudii tena, na wala sababu si bei.

Tuanze na Coaster, kwa kuwa ndilo linalotangazwa kuliko yote. Bango huwa na picha ya maporomoko na maneno "vivutio vitano". Muda ulioandikwa ni kuondoka saa 11 alfajiri. Hesabu halisi ya siku ile ilikuwa hivi: gari lilitoka Mwenge karibu saa 12, likasubiri watu Ubungo, likasubiri tena Mbezi, likaondoka Mbezi saa 1:20. Kibaha na Mlandizi malori, Chalinze chai, Morogoro mjini saa 5:40. Saa 10 jioni tukageuza. Katikati hapo toa chakula cha mchana kilichoagizwa tukiwa tayari tumekaa mezani, toa kuhesabu watu, toa picha ya pamoja na bango la waandaaji. Muda wa kutembea mlimani ulibaki saa mbili na dakika chache, ndani ya siku iliyoisha saa 4 usiku. Vivutio vitano vilipatikana, ila viwili tulivipungia mkono dirishani.

Uchelewaji ule si bahati mbaya, umo ndani ya biashara yenyewe. Wengi hutanguliza nusu ya malipo na kumalizia ndani ya gari, kwa hiyo mwandaaji akimwacha aliyechelewa anaiacha na hela yake. Atamsubiri tu. Tena Coaster haliwezi barabara za mlimani. Linaegesha chini, halafu watu 25 wanaanza kutafuta bodaboda kwa wakati mmoja, na bei unaijua itakavyokuwa. Ukiona tangazo lolote, usihesabu vivutio. Uliza swali moja: "Miguu yangu itakuwa chini kwa saa ngapi, ukiacha chakula?" Anayejibu kwa saa anaijua kazi. Anayejibu "mtaenjoi tu dada" mshukuru na uendelee kutafuta.

SGR ndiyo iliyobadilisha hesabu tangu Juni 2024. Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, 6,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Kwenda na kurudi ni 26,000. Basi la kutoka Mbezi hadi Msamvu, stendi ya Morogoro, nalo linafika, ila foleni ya Kibaha haina ahadi, na safari ya siku moja haiwezi kujengwa juu ya kitu kisicho na ahadi.

Tiketi unakata mtandaoni kwa namba ya kitambulisho. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya NIDA au pasipoti. Ukiandika jina la nyumbani, mlangoni utaanza kujieleza wakati wenzako wanapanda. Mfumo ukishakupa namba ya malipo, lipa papo hapo kwa simu, maana siti isiyolipiwa ndani ya muda inarudi sokoni. Kata kwenda na kurudi kwa mkupuo mmoja. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kukata ya asubuhi na kusema ya jioni "nitaikata nikiwa kule". Jumapili jioni Morogoro nzima inarudi Dar, hiyo siti hutaipata.

Angalia pia treni yako ni ya aina gani. Ya kawaida inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Ya haraka inavipita. Wakazi wa Gongo la Mboto na Ukonga hupanda Pugu wakaepuka kabisa kuingia mjini, lakini kwa treni inayosimama hapo tu. Ratiba hubadilika, kwa hiyo isome upya wiki ya safari. Kwa treni ya kwanza ya asubuhi usitegemee daladala wala mwendokasi kukufikisha. Panga bodaboda au teksi tangu jana yake. Pale stesheni kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Mimi hufika saa moja na nusu kabla. Kisu cha kumenyea matunda kiache nyumbani.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si mjini. Hapo ndipo safari za watu wengi huharibika kidogo: behewa zima linamwagika nje kwa dakika tano na bajaji zote zinapandisha bei. Mambo mawili husaidia. La kwanza, mwongozaji atume bodaboda anazozifahamu na bei mkubaliane jana yake. La pili, kama hujapanga, toka nje ya geti, tembea kidogo kuelekea barabarani, halafu ndipo uulize.

Sasa mlima wenyewe. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, ni kama mita 1,300. Kwa miguu ni saa mbili hadi tatu kupanda, kutegemea mapafu, na pungufu ya hapo kushuka. Unapita kwenye matuta ya mboga, migomba na vijito vinavyoelekezwa shambani kwa mifereji na mipira. Mito inayotoka milima hii inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo maji ya bomba la Dar, kwa hiyo usitupe chupa kwenye kijito utakachokikoga wiki ijayo.

Njia ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mvua ya dakika 20 inaugeuza sabuni. Raba za mjini zenye soli laini ndizo zinazowaangusha watu, hasa kwenye ngazi zilizochongwa kwa jembe, ambazo ukingo wake umeliwa na maji na sasa unainama kuelekea chini. Vaa viatu vyenye meno, na wakati wa kushuka ukanyage kwa mguu uliogeuzwa upande, siyo kwa vidole vikitazama bonde. Utakutana na kinamama wanaoteremsha matenga ya mboga kichwani. Hawasimami, kwa sababu kusimama na mzigo kwenye mteremko ni kazi kubwa kuliko kutembea. Sogea upande wa mlima, siyo ukingoni, salimia, waache wapite. Picha omba kwanza.

Masika, Machi hadi Mei, mimi sipeleki mtu. Vuli nayo inakuja na mvua za mchana. Hata miezi mikavu beba koti la mvua, maana mlima huu una hali yake ya hewa na hauulizi mji unasemaje. Maji lita mbili kwa mtu mmoja, na noti ndogo ndogo: mwenye ndizi njiani hana chenji ya elfu kumi.

Wengi huuliza kama wanaweza kufika kilele cha Lupanga au Bondwa na kurudi Dar siku hiyo hiyo. Vilele hivyo vinazidi mita 2,100, viko ndani ya hifadhi ya msitu inayosimamiwa na TFS (wakala wa misitu wa serikali), na vinahitaji kibali kilicholipiwa mapema. Ukijumlisha muda wa kupanda na kushuka, treni ya jioni inaondoka wewe ukiwa kwenye ukungu. Lala Morogoro, au chagua Morningside, au maporomoko ya Choma. Vivyo hivyo Kinole na Matombo, upande wa mashariki wenye karafuu, mdalasini na pilipili manga: ni pazuri kuliko Morningside kwa mtu anayependa mashamba, ila barabara inakula muda wako. Hapo chagua kijiji kimoja tu, na gari la juu.

Kifurushi cha Mikumi ni habari nyingine. Treni ya asubuhi, gari linakusubiri Kihonda, barabara ya Iringa mpaka geti la Kikoboga, mchana hifadhini, jioni treni. Kinawezekana, na kwa mtu ambaye hajawahi kuona twiga nje ya picha, kinastahili. Ila jua unachonunua. Utaingia jua likiwa limeshapanda, wakati simba wamelala kivulini, na unatoka kabla ya jioni ambapo wangeanza kusogea. Utakachokiona kwa kawaida uwanda wa Mkata ni pundamilia, nyumbu, swala, twiga, nyati, mara nyingi tembo, na viboko kwenye bwawa. Dereva hawezi kufidia muda barabarani: barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50, mwendo umewekewa ukomo wa kilomita 70 kwa saa mchana, matuta yapo, na anayegonga mnyama analipa faini.

Masharti yangu kwa kifurushi hiki ni manne. Aina ya gari iandikwe kwenye ujumbe, siyo "gari zuri". Kuna mawakala wanaopeleka watu na Noah, gari la familia lililo chini. Kiangazi unaona migongo ya viti, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa mbugani unalishika gari mpaka aje mwenye trekta. Kila abiria awe na dirisha. Kiingilio kiwe kimetajwa kama kimo ndani ya bei au la, kwa kuwa raia na mgeni hawalipi bei moja, na usipokuja na kitambulisho hakuna wa kukuamini kwa sura. Na muda wa kutoka getini uwe saa 9 alasiri, siyo "tukimaliza".

Malipo. Mwombe wakala leseni ya TALA, ambayo kila anayefanya biashara ya utalii nchini anapaswa kuwa nayo. Ukiweka Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri: likiwa jina la mtu binafsi wakati bango linasema kampuni, simama hapo. Uliza kwa maandishi kitatokea nini watu wasipotimia. Mara moja nimeahirishiwa safari usiku wa kuamkia siku yenyewe kwa sababu walipatikana sita badala ya kumi na tano, na fedha zikageuka "utatumia safari ijayo". Tiketi ya treni nilikuwa nimekata mwenyewe, kwa hiyo niliondoka asubuhi yake nikatafuta mwongozaji kwa simu. Tangu hapo tiketi siachii mtu anikatie.

Chakula cha mchana kiagize na ukilipie asubuhi kabla ya kupanda, utaje na saa ya kula. Hotelini Morogoro kuku anaanza kutafutwa pale unapomtaja.

Kurudi, uwe mjini saa mbili kabla ya treni. Saa hiyo ya ziada inatosha kupita Soko Kuu la Chifu Kingalu ukabeba mboga na ndizi za mlimani. Weka kwenye mfuko mmoja unaofungika au boksi lililozungushiwa kamba. Tenga la wazi litakusumbua kwenye ukaguzi na juu ya kichwa cha abiria mwenzako. Ukiikosa treni, nenda Msamvu moja kwa moja, usianze kubishana pale Kihonda: mabasi yanayotoka bara yanapita hapo na siti moja moja hupatikana, ila utafika Mbezi usiku.