Dola 420 kwa usingizi wa saa nne na nusu: Nairobi hadi London kwa bizinesi

Kiti cha bizinesi, lile daraja la juu la ndege, sikukinunua, nilikipata kwa mnada. Tiketi yangu ya Nairobi–London ilikuwa ya daraja la kawaida. Siku tano kabla ya safari kampuni ya ndege ikamtumia mwanangu barua pepe: ukitaka abiria wako apandishwe daraja, taja utatoa kiasi gani. Akataja dola 420 bila kuniambia, maana anajua ningemkatalia. Jibu lilikuja usiku wa kuamkia siku ya safari, na hela ikakatwa kwenye kadi yake papo hapo. Dau likikataliwa hukatwi kitu. Ila mlio na mizigo mingi ulizeni kwanza: mimi kiti kilipanda lakini kilo zangu zilibaki zile zile za tiketi ya awali, na unga wa ulezi wa mzazi aliyejifungua ulikuwa umeshajaza sanduku.

Jina la kampuni silitaji. Mabaya niliyoyaona ni madogo, na huenda usiku mwingine yasingekuwepo.

Nilitoka Arusha kwa shato ya asubuhi, yale mabasi madogo ya abiria. Mpakani Namanga siku hizi mambo yote ya nchi mbili yanamalizwa chini ya paa moja, kwa hiyo haikutuchelewesha, lakini kufika Nairobi mgongo ulikuwa umeshaanza maneno yake. Nina pingili mbili kiunoni zinazonisumbua tangu nilipokuwa nafundisha, ndiyo sababu kijana aliweka dau. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, bizinesi haikusaidii getini: unashuka garini kama watu wote, unapita kwenye ukaguzi kwa miguu huku gari likikaguliwa kivyake, ndipo unalipanda tena. Raha inaanzia kaunta ya kukabidhi mizigo, nilikokuta watu wawili mbele yangu, na upande wa pili wa kamba foleni imejipinda kama nyoka.

Kosa langu la kwanza nililifanyia launji, kile chumba cha kungojea ndege cha watu wa bizinesi. Kulikuwa na wali, kuku wa mchuzi, sukumawiki, matunda yaliyokatwa vizuri. Nikajionea huruma kwamba nikila hapa nitashindwa kula chakula cha ndegeni kilicholipiwa. Nikanywa chai na keki kipande kimoja, nikakaa natazama saa. Nitaeleza baadaye kwa nini ule ulikuwa ujinga.

Ndani ya ndege kiti ni kama kochi lenye kuta fupi. Ubavuni pana rimoti yenye vitufe vyenye michoro ya mtu: mtu aliyekaa, mtu aliyeegemea, mtu aliyelala chali. Nilibonyeza mtu aliyelala kabla hatujaruka, kiti kikaanza kunipeleka chini taratibu huku mashine ikinguruma chini ya makalio, na sikujua kukisimamisha. Mhudumu mmoja, binti anayejua Kiswahili, akaja anatabasamu. "Bado mama, tukishapaa nitakutandikia mwenyewe." Akanirudisha wima kama mtoto kwenye kiti cha kulia.

Ilikuwa Boeing 787. Dirisha lake halina kipazia, kuna kitufe tu, ukikibonyeza kioo kinageuka buluu nzito polepole. Wanasema pia hewa yake inabanwa ili mwili uhisi kama uko futi 6,000 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufika futi 8,000. Sisi wa Arusha tunaishi zaidi ya futi 4,000 kila siku, labda ndiyo maana kichwa hakikuniuma.

Tulipaa saa sita na robo usiku. Sasa sikilizeni hesabu, maana uhakiki wangu wote umo humu. Safari ni kama saa nane na nusu. Kitambaa cheupe kilitandikwa mezani saa saba. Ikaja saladi, kisha mkate wa moto, kisha chakula chenyewe (samaki alikuwa ameisha walipofika safu yetu, nikachukua nyama), kisha jibini, kisha kitamutamu. Kila kimoja kinaletwa kivyake, unasubiri, kinaondolewa kivyake. Nyama ilikuwa laini lakini haina ladha. Hapo sijui nimlaumu mpishi au hewa, kwa sababu kule juu hewa ni kavu na ulimi hausikii chumvi na sukari kama huku chini. Mezani kwangu walipofuta makombo ilikuwa saa nane na nusu. Mtu mzima, aliyeamka saa kumi alfajiri Arusha, anakula jibini saa nane za usiku!

Jirani yangu, mzee mmoja ambaye bila shaka ameruka mara nyingi, alipokaa tu alimwambia mhudumu hataki chakula, asiamshwe hata kwa chai. Kabla sijamaliza saladi alikuwa anakoroma. Yeye alikuwa amekula launji.

Kitanda chenyewe sasa. Binti alitimiza ahadi: godoro jembamba, shuka, mto wa ukweli na blanketi zito. Kiti kinalala bapa kabisa, na kwa mgongo wangu hilo peke yake lilikuwa neema. Nililala chali miguu imenyooka, kitu ambacho sijawahi kukifanya angani. Ubaya ni kwamba miguu inaingia kwenye kijishimo chini ya kiti cha mbele, na nikitaka kugeuka ubavu magoti yanagonga ukuta. Mimi si mrefu. Mwenye urefu wa kunizidi ajiandae. Na mwenzangu uliye dirishani, ukitaka kwenda chooni unaivuka miguu ya jirani aliyelala. Nilimvuka yule mzee mara moja, nimekusanya gauni mkononi, naomba Mungu ndege isitikisike.

Taa yangu ya kusomea haikuwaka. Na pazia la jiko lao halikufungika vizuri, kila mtu akipita mwanga unanipiga usoni. Kwenye kibegi walichotupa kulikuwa na kitambaa cha kufunika macho, mswaki, mafuta ya midomo na soksi, kitambaa kikaniokoa. Ulikuwa usingizi kweli, si ule wa mang'amung'amu.

Saa moja asubuhi kwa saa ya nyumbani taa zikawashwa. Mayai, mtindi, na chai. Chai! Maji vuguvugu na kipakiti kinaelea. Halafu tukazungushwa angani juu ya London, maana alfajiri ndege kutoka pande zote za dunia zinafika Heathrow kwa pamoja na kila moja inangoja zamu. Dakika hizo za kuzunguka ningezilala vizuri sana.

Uhamiaji, bizinesi iliishia mlangoni pa ndege. Mageti ya mashine hayatambui pasipoti ya Tanzania, nikaunga foleni ndefu na wenzangu wa nyuma ya ndege, na yule afisa aliniuliza maswali yale yale ya siku zote. Lakini niliyasimamia nimenyooka, sikushika kiuno.

Kurudi, wiki sita baadaye, dau hatukuweka. Usiku tena, daraja la kawaida, kiti cha katikati. Hapo chakula kilikuja kwenye trei moja, tukala dakika ishirini tukamaliza, taa zikazimwa mapema. Nililala jumla ya saa tatu kwa kukatakata, nimejikunja kama ndizi. Ukitazama saa peke yake, dola 420 zilininunulia saa moja na nusu, na nusu ya usiku niliila mwenyewe kwa uma na kisu. Nikipandishwa tena nitashiba launji, nitakataa kitambaa cheupe, nilale tangu taa ya mikanda inapozimwa. Hapo nitasema bei ni ya haki.

Tulipotua JKIA miguu ilikuwa imevimba, viatu vikagoma kuingia. Nikavitia mfukoni vile viatu vyepesi, nikatoa kwenye mkoba soksi za bizinesi nilizozitunza, nikatembea nazo hadi nje kulikokuwa na shato ya Arusha.