Seremala aliyenizuia kung'oa madirisha yangu ya mbao

Kampuni ya kwanza niliyoiita ilipima upana na urefu tu, ikaniambia yote yang'olewe, yawekwe ya alumini. Hakuna dirisha hata moja lililofunguliwa. Sikuridhika, nikamtafuta seremala anayekarabati madirisha ya mbao. Kazi yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Yeye alianza na bisibisi. Alidunga ubao wa chini wa kila dirisha, kisha pembe, kisha kizingiti, kwa sababu maji hutuama huko na ncha za ubao hufyonza unyevu kuliko ubavu wake. Penye mbao nzima bisibisi iligoma. Penye uozo ilizama bila nguvu, na chini ya rangi iliyokuwa inang'aa ukatoka unga wa kahawia. Kumbe pia baadhi ya yale yasiyofunguka hayakuwa yameoza hata kidogo. Yalikuwa yamegandishwa na matabaka ya rangi.

Msimamo wake ni huu, na sasa ni wangu: dirisha lililooza chini peke yake linatibika. Likishaachia viungo vya pembe zote na fremu imeoza mpaka ukutani, badilisha. La bafuni lilikuwa limefikia hapo, likatolewa.

Kwa mengine, alikata uozo kwa patasi mpaka kwenye mbao ngumu, akachonga kiraka cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikifuata mkondo mmoja, akakibana kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Vishimo vidogo alivijaza epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, lakini baada tu ya mbao kukauka. Ukiziba unyevu ndani, uozo unaendelea kula kimyakimya.

Puti iliyopasuka, ule udongo laini unaoshikilia kioo kwenye fremu, aliibandua yote, akaweka mpya, akaiacha ishike ngozi kabla ya kupaka rangi. Rangi yenyewe aliivusha juu ya kioo kiasi cha milimita 2. Nataka mtu azingatie hapo, maana mafundi wengi hukwangua ukingo huo kwa wembe ili kioo kipendeze, wakayafungulia maji njia ya kuingia nyuma ya puti. Rangi ya zamani huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo aliilowesha kabla ya kukwangua, akatandika nailoni sakafuni, na watoto hawakukanyaga chumbani mpaka alipomaliza kusafisha. Kwa hilo peke yake nampa heko.

Kasoro zipo. Ni mtaratibu mno; vyumba vilizibwa kwa plaiwudi muda mrefu kuliko tulivyokubaliana. Bawaba moja aliifunga kwa skrubu fupi ikalegea, ingawa alirudi kuikaza bila kudai chochote.

Upepo umekatika tangu aweke mpira kwenye kingo, ila kelele za nje zimepungua kidogo tu. Anayetafuta utulivu kando ya barabara kubwa ana sababu ya kuweka madirisha mapya ya vioo viwili. Ajue tu kwamba kizibo cha kingo za vioo hivyo kikiachia, ukungu huingia katikati, na hapo hakuna cha kufuta: pacha nzima ya vioo hubadilishwa.

Ningemwita tena bila kusita. Tumeshapatana awe anapita kila mwaka kukagua rangi ya upande unaopigwa na jua na mvua, kwa sababu huko ndiko hupasuka kwanza.