HandBrake kwa Mpiga Video wa Harusi Mwanza

Kwa anayerekodi harusi jijini Mwanza, kazi ya mwisho kabla ya kumkabidhi mteja flashi yake ni kubana video, na kazi hiyo naifanya kwa HandBrake, programu ya bure inayotumika kwenye Windows, Mac na Linux. Naipendekeza kwa moyo mmoja, ila mipangilio inayokuja nayo nimelazimika kuibadilisha kwa sababu ya ziwa.

Ukumbini kazi ni nyepesi, maana ukuta na mapazia nyuma ya maharusi havisogei, na programu huhifadhi tu kile kilichobadilika tangu fremu iliyotangulia, yaani picha moja kati ya nyingi zinazounda video. Lakini maharusi wakisimama ufukweni, Mwamba wa Bismarck ukiwa nyuma yao, kila wimbi na kila mmeto wa jua juu ya maji ni jambo jipya katika kila fremu. Ukilazimisha faili liwe dogo kwa kupanga mapema kiwango cha biti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, maji yale hugeuka vipande vya mraba vinavyorukaruka, na uzuri ambao familia iliufuata hadi ziwani hupotea.

Dawa yake ni kipimo cha RF, ambacho hushikilia ubora na kuacha uzito wa faili ufuate ugumu wa picha. Kwa 1080p, yaani video ya HD kamili, watengenezaji hupendekeza kati ya 20 na 24, namba ndogo ikiwa ndiyo bora. Video za ukumbini naziwekea 22, na za ufukweni 20. Sishuki zaidi ya hapo, kwani katika H.264, mfumo wa kubana video unaotumika sana, kupunguza RF kwa 6 hivi huongeza faili karibu maradufu.

Kwa upande wa kasi nachagua Slow na kuiacha kompyuta ifanye kazi usiku, kwa sababu programu ikipewa muda hutafuta kwa makini zaidi kila sehemu ya picha imehamia wapi, ikatumia biti chache. NVENC, yaani sehemu ya kubana video iliyo ndani ya kadi ya picha ya Nvidia, humaliza mapema mno, lakini kwa ubora uleule faili huwa zito zaidi, hivyo naitumia kwa nakala ya majaribio tu.

H.265, mfumo mpya zaidi, hubana vizuri kuliko H.264. Hata hivyo, mteja wangu mmoja wa Nyegezi alirudisha flashi yenye video ya H.265 kwa kuwa televisheni yake ilitoa sauti bila picha, na tangu siku hiyo nakala ya mteja naitoa kwa H.264, nikihakikisha haifiki GB 4, kwani flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili la ukubwa huo.

Kasoro za HandBrake kwangu ni mbili: haiunganishi vipande vya video, na hubana upya kila video inayopita humo, hata unapotaka kurekebisha sauti peke yake. Kwa kuwa kila ubanaji hupunguza ubora, mafaili ya kamera siyafuti mpaka mteja atakapoitazama kazi yote na kuridhika.