Kisanduku cha nzi wa bandia 24 kwa anayeanza kuvua trauti

Kama ndiyo kwanza unaanza kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia, yaani ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, na pesa yako inatosha kisanduku kimoja tu, hiki kinunue. Ila jua mapema kwamba thamani yake iko kwenye aina chache. Wale saba wa rangi ya waridi na machungwa, wenye nyuzi za kumetameta, wamewekwa kumpendeza mnunuzi. Kwenye bwawa letu Mufindi sijaona trauti akiwajali.

Nililipa shilingi 45,000 kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar, na mzigo ukaja Mafinga kwa basi.

Wa kwanza kufunga kwenye mshipi awe Woolly Bugger. Wamo wanne, weusi na wa kijani iliyofifia, ndoano namba 10. Mkia wake ni manyoya laini yanayocheza majini, na mwili umezungushiwa unyoya wa jogoo. Aliyembuni ni Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1967. Trauti humwona kama ruba, kama mtoto wa kereng'ende au kama kisamaki, na zaidi ya hapo huyu humsamehe mwanagenzi: mtupe, mwache azame huku ukihesabu taratibu, kisha vuta mshipi kidogo kidogo. Samaki akigonga utamsikia mkononi, hata kama macho hayajazoea kusoma maji. Mzee anayelinda bwawa alitazama kisanduku changu chote, akagusa huyo mmoja: "Mwanangu, maji haya meusi. Mpe cheusi." Nakubaliana naye kabisa, hasa asubuhi za Juni ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai.

Wa pili ni Pheasant Tail, namba 14, naye ni wa mtoni. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, alimfunga kwa unyoya wa mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba peke yake, bila uzi. Waya ukawa kamba na uzito kwa pamoja. Hawa wa kisandukuni wameongezewa ushanga wa shaba kichwani, hivyo wanazama haraka. Waache wabebwe na mkondo bila kuwavuta. Wale wawili wa Hare's Ear, wa manyoya ya sungura, wanafanya kazi hiyohiyo.

Adams na Elk Hair Caddis ni wa kuelea. Hapa ndipo ubora ulipopungua. Adams, aliyefungwa kwanza na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922, ni wa kijivu na hafanani na mdudu mmoja, hivyo anafaa karibu popote. Lakini hawa wamefungwa kwa manyoya haba na wanazama baada ya kutupwa mara chache. Wakaushe kwa kitambaa, wapake mafuta ya mgando kidogo sana. Elk Hair Caddis wako imara zaidi. Mvua ikikatika na kumbikumbi wakaanza kuangukia bwawani, huyo ndiye wa kufunga, na mwenzako akikuazima hata mmoja usimrudishie mapema.

Kasoro nyingine inaudhi: matundu mengi ya ndoano, ya kupitishia mshipi, yamezibwa na gundi. Yazibue kwa pini ukiwa nyumbani, kwa sababu ukingoni, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, hutaweza. Namba za ndoano pia hazikuandikwa popote. Kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua, 14 ni ndogo kuliko 10. Na kijino cha ndoano kibane kwa koleo kabla ya kuvua. Samaki mdogo utamrudisha majini akiwa mzima, na ikikuchoma kidole itatoka bila kuchana.

Nimemwandikia muuzaji aondoe wale saba wa kumetameta, aongeze Woolly Bugger weusi na Pheasant Tail. Amejibu kwamba atazungumza na anayemletea mzigo. Kwa kisanduku kilivyo sasa natoa nyota tatu kati ya tano.