TAHADHARI: Hakuna "treni ya mashabiki" ya Kampala–Nairobi. Usilipe!

Ndugu zangu mashabiki wa Kampala, Jinja, Tororo na popote mlipo, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anauza viti vya treni ya mashabiki kwenda Nairobi kwa mechi ya ugenini. Treni hiyo haipo. Mimi nimelipa, nikawashawishi na wenzangu watano wakalipa, na alfajiri ya Ijumaa iliyopita tulisimama nje ya stesheni ya Kampala na mabegi yetu na mavuvuzela tukisubiri behewa ambalo halipo popote duniani.

Jina alilotumia na namba yake sivitaji hapa. Shauri liko polisi, na jina lenyewe sidhani kama ni lake. Namba atabadilisha kesho. Mbinu yake ndiyo haitabadilika, kwa hiyo nitaieleza yote.

Tangazo liliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki, limeletwa na mtu tuliyemzoea, ambaye naye alikuwa ameletewa na mwingine. Picha ya treni ya kisasa, bendera yetu imebandikwa ubavuni, na maneno: Kampala, Malaba, Kisumu, Nairobi bila kubadilisha treni. Shilingi 180,000 kwenda na kurudi, ndani yake jezi na tiketi ya uwanjani. Unatanguliza 60,000 kushika kiti, zilizobaki unamalizia wiki moja kabla ya safari.

Wengi wananiuliza, mlikubalije? Bei haikuwa ya kutupwa. Ukijumlisha nauli ya basi kwenda na kurudi, jezi na tiketi ya mechi, ile 180,000 ilikuwa chini kidogo tu. Mtu akikuambia 40,000 unashtuka. Akikuambia bei inayokaribiana na ukweli, unaona umepata unafuu. Tena alikuwa na sauti ya upole. Alituma ujumbe wa sauti kila jioni, Kiswahili safi, na pale alipotaka kutugusa anatia Kiganda: "Bannange, behewa la tatu limejaa, zimebaki nafasi kumi na nne." Kesho yake zinabaki tisa. Watu kwenye kundi la safari alilolifungua yeye wanashukuru, wanatuma picha za risiti, wanauliza watakaa dirishani au la. Sasa najua wengi wa hao walikuwa yeye mwenyewe na wenzake, maana siku tulipoanza kuuliza maswali, kundi lilifungwa ikawa msimamizi peke yake ndiye anayeweza kuandika.

Kuna jambo jingine lililotuponza, nalo linaniuma zaidi. Jirani yangu, mzee wa umri wa baba yangu, alipanda treni ya Nairobi ujanani mwake. Anakumbuka kulala ndani ya behewa, anakumbuka chai ya asubuhi treni ikiwa tayari upande wa Kenya. Nilipomwonyesha tangazo alishika simu yangu kwa mikono miwili akasema, "Imerudi?" Akatoa pesa zake za akiba siku ileile, na mimi ndiye niliyemtumia kwa simu yangu kwa sababu yeye hawezi. Tapeli yule anajua kwamba treni hiyo iliwahi kuwepo kweli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na wazee wetu waliitumia kwa miaka mingi. Ananunua imani yetu kwa kumbukumbu zao.

Sasa sikilizeni ukweli wa reli yetu, nimeuuliza kwa watu wa stesheni.

Treni za abiria za masafa marefu zilikoma Uganda miaka ya 1990. Reli ya kwenda Malaba ipo na inafanya kazi, lakini kinachopita pale ni mizigo: makontena, saruji, mafuta. Treni ya abiria iliyopo ni ile ya wafanyakazi, asubuhi na jioni, kati ya Kampala na Namanve, iliyoanzishwa upya Desemba 2015 na ambayo imewahi kusimama na kurudi. Ukitaka kwenda Jinja kwa treni huwezi, sembuse Nairobi. Njia hiyo ya Namanve hupita upande wa uwanja wa mpira wa Namboole, kwa hiyo shabiki wa Kampala anayetaka kuonja safari ya treni kwenda mpirani, hapo ndipo mwisho wake kwa sasa.

Reli mpya ya SGR tunayoisikia redioni ni kweli inakuja. Mkataba wa kujenga kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024. Lakini kusaini mkataba si kupanda treni. Tapeli alichukua habari hiyo, akaichanganya na treni za Wakenya na Watanzania ambazo zinatembea kweli, akatuuzia mchanganyiko huo.

Hata picha yake ilikuwa inamshtaki, ni sisi tu hatukutazama. Juu ya treni ile kulikuwa na nyaya za umeme. Treni ya umeme ya abiria katika eneo letu hili iko Tanzania, ile iliyoanza mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na baadaye Dodoma. Hata Madaraka Express ya Kenya, inayokwenda Nairobi hadi Mombasa tangu 2017, inatumia dizeli. Njia yetu haina waya hata mmoja wa kuendeshea treni. Halafu upana: reli yetu ya zamani ni mita 1, hizo za kisasa ni mita 1.435. Treni ya kwenye picha isingeweza hata kukanyaga chuma chetu.

Na njia aliyoitaja ni ya uongo mtupu. Reli ikitoka Malaba inapita Bungoma, Webuye, Eldoret, inashuka Nakuru, ndiyo inafika Nairobi. Kisumu iko kwenye tawi lake linalochepuka Nakuru. Huwezi kupita Kisumu ukiwa njiani kutoka Malaba kwenda Nairobi, labda ufike Nakuru kwanza urudi nyuma. Dereva yeyote wa lori wa Malaba angetuambia hilo kwa dakika moja. Tunao kwenye kundi letu, hatukuwauliza.

Wiki ya mwisho ndipo alipozidi. Alidai 15,000 ya "kibali cha mpaka" kwa kila mtu, pamoja na picha ya kitambulisho cha taifa mbele na nyuma. Mganda anaingia Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa, utaratibu huo upo tangu 2014, na shughuli zake unazimalizia wewe mwenyewe pale mpakani. Hakuna mtu wa treni anayekuombea kibali kwa WhatsApp. Nilihisi kitu siku hiyo, nasema kweli. Lakini nilikuwa nimeshalipa 60,000 na za wenzangu, nikaogopa kuzipoteza, nikaongeza.

Jambo jingine ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu: unapotuma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linatokea. Lilitokea jina la mwanamke ambalo halikufanana hata kidogo na la huyo "mratibu wa safari". Nilipomuuliza akasema ni mhasibu wao. Malipo ya mwisho yalikwenda kwenye laini nyingine kabisa, jina jingine tena. Shirika la reli halikusanyi nauli kwenye simu ya mtu binafsi. Ukiona jina la mtu, simamisha hapo hapo.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri tulikuwa pale stesheni. Nilihesabu watu zaidi ya thelathini, wengine wametoka Mukono na Entebbe, kuna mama mmoja amekuja na mwanawe wa miaka kumi amevaa jezi mpya aliyonunua mwenyewe kwa sababu zile za safari tuliambiwa tutagawiwa ndani ya treni. Askari wa lango alitusikiliza kwa adabu, akatuambia, "Ndugu zangu, treni ya hapa inakwenda Namanve." Tukapiga ile namba. Iliita mara mbili, ikazimwa. Yule mtoto alikaa juu ya begi lake mpaka kukapambazuka, hataki kuondoka, anasema labda imechelewa. Jirani yangu mzee hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani.

Baadhi ya vijana walichanga wakakimbilia basi la asubuhi. Sisi wengine tulikwenda polisi.

Kama umelipa, fanya haya leo, usingoje. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe na usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya ripoti yako kwenye daftari la kituo, maana bila hiyo kampuni ya simu haitakusikiliza kwa uzito. Nenda na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, usiufute. Pigia simu kampuni yako uwaambie umetapeliwa. Kama pesa bado ziko kwenye laini ya mpokeaji zinaweza kuzuiwa, zikishatolewa kwa wakala ni kazi ya upelelezi. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kwa hiyo usikubali mtu akuambie haya ni mambo yenu ya WhatsApp. Na kama ulituma picha ya kitambulisho, pita kwenye duka la huduma la kampuni ya simu uulize ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIN yako, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, na uwe macho na madeni ya mikopo ya simu usiyoyajua. Pesa zimeshakwenda. Kitambulisho bado anacho.

Usimtukane kwenye simu, usimtishe. Mmoja wetu alimtumia matusi, na dakika chache baadaye tukafutwa sote kwenye lile kundi, ushahidi mwingi ukapotea. Piga picha za skrini kwanza, kila kitu, pamoja na ujumbe wa sauti uhifadhi.

Naandika kwa haraka pia kwa sababu ya kinachokuja. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Watu watasafiri kati ya nchi hizi tatu kwa maelfu, na tiketi za treni zitauzwa kila kona ya simu zetu, za kweli na za uongo. Ukifika Nairobi na unataka kwenda Mombasa, nunua kwa shirika la reli la Kenya lenyewe au dirishani Syokimau. Ukiwa Dar es Salaam, vivyo hivyo kwa shirika lao. Kutoka Kampala kwenda Nairobi, mpaka utakapoona kwa macho yako treni ya abiria ikiondoka, safari ni basi au ndege.

Waliolipa na hawajaripoti: Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana nje ya stesheni ya Kampala, palepale tuliposimama Ijumaa, tuende polisi pamoja. Mpaka sasa tuko kumi na tisa. Njoo na simu uliyolipia, ujumbe wa malipo na kitambulisho. Yule mama aliyekuwa na mtoto, kama unasoma hapa au kuna anayekufahamu, tafadhali njoo. Risiti yako ina jina la tatu ambalo sisi wengine hatuna, na afisa anaihitaji.