Nilitoka Moshi peke yangu kwenda Prague kusomea ualimu wa Kiingereza: uzoefu wangu

Nilipomwambia mjomba naenda Prague, mji mkuu wa Wacheki, aliniuliza swali moja tu: "Kwani Wacheki ni Waingereza?" Nikacheka, ila swali lilikuwa na haki yake. CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza kwa watu wazima wasiozaliwa nacho, hutolewa na Cambridge ya Uingereza, lakini kozi huendeshwa na vituo vya nchi nyingi, na unachotakiwa kufikia ni kile kile popote utakaposomea. Nilipopiga hesabu ya chumba na chakula cha London, kisha nikapiga ya Prague, safari ikajiamulia yenyewe. Ada ilikuwa karibu yuro 1,500, kama milioni nne za kwetu kwa wakati ule, Januari 2023. Nusu ilikuwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na wenzangu wa kikundi bado wananitania kwamba walinisomesha wao.

Kuhusu viza nitasema kwa kifupi. Ile ya Schengen (viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya) ya muda mfupi hukupa siku zisizozidi 90, na kozi ya wiki nne inatosha humo. Nililipa yuro 80 (tangu Juni 2024 ni 90), nikaambatisha bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri na uthibitisho wa mahali pa kulala. Wakala mmoja mjini alitaka laki nane "kunisimamia". Fomu nilijaza mwenyewe usiku mmoja, chai pembeni. Na kuna jambo ambalo wakala huyo hakuligusa kabisa: viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi.

Koti sikununua. Nilikodi koti la mlima kwenye duka moja la vifaa vya wapandaji hapa Moshi, mwezi mzima, na mwenye duka hakuuliza ni la nini. Koti linalomfikisha mtu Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro, haliogopi baridi ya Prague. Sikuwa nimejiandaa kwa giza. Saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, wewe ndiyo kwanza unafikiria chakula cha mchana.

Nilipanga chumba mtaa wa Žižkov, chini ya mnara wa televisheni wenye sanamu kubwa za watoto wachanga wanaoutambaa kwenda juu. (Hakuna aliyeweza kunieleza vizuri kwa nini.) Nilikuwa nimeaminishwa kwamba Wazungu hawasalimiani. Prague wanasalimiana: mtu akiingia kwenye lifti husema "dobrý den", akitoka huaga. Lakini salamu inaishia hapo, hakuna za nyumbani wala watoto hawajambo. Jumapili ya kwanza nilipanda na kushuka na ile lifti mara tatu bila safari yoyote.

Lugha nayo ilinichezea. Kicheki cha "ndiyo" ni "ano", na katika mazungumzo hufupishwa kuwa "no". Mama wa dukani aliniitikia kwa kichwa akisema "no, no", nikaacha mkate kaunta nikatoka kwa aibu. Tiketi ya metro pia: kuinunua hakutoshi, ni lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha njano. Mimi niliikunja nikaiweka kwenye pochi kama risiti. Mkaguzi aliyevaa kiraia hakutaka maelezo, na faini yake ilikula chakula cha siku nne.

Sasa kozi yenyewe. Nilikuwa na miaka sita ya kufundisha sekondari, madarasa ya wanafunzi sitini na kitu, nikadhani naenda kuchukua karatasi tu. Siku ya kwanza mkufunzi aliingia akatufundisha lugha ambayo hakuna aliyeijua, kwa picha na mikono, bila neno la Kiingereza, ili tuonje ujinga wa mwanafunzi. Baada ya hapo ni mbio. Kila mmoja hufundisha saa sita kwa jumla, mbele ya wanafunzi watu wazima wa viwango viwili tofauti, huku mkufunzi na wenzako wamekaa nyuma wanaandika. Wakati wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha nikiwa chuoni, nilijua siku ya mkaguzi, na andalio la somo la siku hiyo lilipendeza kuliko mengine yote. Huku kila siku ni siku ya mkaguzi.

Somo langu la pili lilikuwa la dakika 40. Mkufunzi alinirudishia karatasi yenye namba moja juu: 27. Ndizo dakika nilizokuwa nikiongea mimi. Nilikasirika, kwa sababu kwetu mwalimu asiyeongea ni mwalimu asiyejiandaa. Nilijifungia chooni nikampigia mama, akaniambia nile kwanza.

Swali "mmeelewa?" nalo lilipigwa marufuku. Darasani kwetu jibu lake ni "yes madam" ya pamoja, hata kwa aliyesinzia. Mahali pake unauliza swali linalofichua maana. Ukifundisha "I used to be a porter", unauliza: sasa hivi ni mpagazi? Zamani alikuwa? Mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya "yes".

Lafudhi ndiyo niliyoiogopa kuliko baridi, na haikuwa bure: Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina sauti za irabu karibu ishirini, nami ilibidi nikeshe na chati ya matamshi kutenganisha "bad", "bud" na "bird". Lakini siku ya kufundisha "think" na "this", Wacheki, Waukraine na Mvietinamu mmoja darasani walihangaika na ndimi zao, mimi nikateleza tu. Thamani, dhahabu, basi. Sisi wa bara tunasemwa kwa "zahabu", ila mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mtu wa Tanga na hakuwa na mchezo.

Kuna kazi nne za kuandika, na ukifeli moja unaruhusiwa kuirudia mara moja. Ile ya uchambuzi wa lugha niliirudia. Mwishoni nilipata Pass, daraja ambalo wengi hupata.

Naipa kozi nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu imejengwa kwa darasa la watu wanane au kumi wenye projekta na karatasi za kugawa. Nilimuuliza mkufunzi ningefanyaje na wanafunzi 70, chaki na vitabu kumi. Alifikiri sana, akasema niwagawe makundi. Asante. Ukienda kwa ndoto ya ajira Ulaya, ujue pia kwamba matangazo mengi ya kazi niliyoyasoma yalitaka mtu aliyezaliwa na Kiingereza, au mwenye pasipoti ya huko. Cheti kilikuwa sawa na chao, mlango haukuwa mmoja.

Kazi niliipata nyumbani. Jioni nafundisha wapagazi wanaotaka kuwa waongozaji wa mlima, wanane tu kwa zamu, hapa Majengo. Wanajifunza kumuuliza mgeni kama kichwa kinamuuma, na kusubiri ajibu mwenyewe. Mkopo wa VICOBA niliumaliza mwaka uliofuata.

Koti nililirudisha siku mbili baada ya kutua KIA. Mwenye duka alikagua zipu, akanusa kwapa, akaniuliza nimefika kilele cha Uhuru au niliishia Gilman's, chini yake kidogo. Nikamwambia nilifika Prague. Akaliangalia koti tena, kisha mimi. "Hiyo njia siijui, dada. Inaanzia geti gani?"